Breki za Mteremko wa Mashuuru

Jumatatu, 7 Julai 2003. Kitengela

Gurudumu la mbele kushoto nimelifungua tena. Dramu, lile bakuli la breki, imejaa mafuta. Nimepangusa, nimekaza, nimerudisha. Nilifanya hivihivi mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Landrova hii ukikanyaga breki mara ya kwanza haikusikii. Mara ya pili inakusikia, lakini inavuta kushoto kama punda aliyeona majani. Mara ya tatu umeshafika ulikokuwa hutaki kufika.

Baridi mbaya. Vidole havishiki spana.

Mke wangu Kalekye amelala tangu asubuhi. Ijumaa daktari alisema nimrudishe nyumbani apumzike. Basi. Hakuandika dawa mpya, ila za maumivu. Nilikuwa dereva wa madaktari wa mifugo mpaka nikastaafu, najua wanavyoongea wakishakata tamaa. Awe ni ng'ombe, awe ni mtu, sauti inakuwa ileile, ya upole kupita kiasi.

Sijamwambia mke wangu ninachojua. Nadhani anajua zaidi yangu.

Jumatano, 9 Julai

Leo ameongea. Syombua, mdogo wake, alimwegemeza kwa mito akakaa. Syombua amehamia kwetu kumtunza. Mkali kama pilipili, lakini hachoki.

Kalekye anataka kwenda Mashuuru, kwenye shamba letu la vitunguu ng'ambo ya mto. Hapa Kitengela tuna nyumba ya mawe, geti na maji ya bomba yakitaka kuja, lakini ni ploti. Kwetu sisi hakuna anayezikwa kwenye ploti. Anajua hivyo. Najua hivyo. Hakuna aliyetaja kaburi.

Alisema tu, "Baba Mumo, nataka kufika nikiwa nimekaa. Sitaki kupelekwa nikiwa nimelala."

Nikamwambia tutaondoka kesho. Akakataa. Kwanza breki. Hapandi landrova mpaka iwekewe breki za maana, si hizi za kupangusa na kukaza.

Sikumlaumu. Mwaka jana tulitoka shambani na magunia ya vitunguu, na kwenye mteremko wa mtoni pedali ikashuka mpaka chini. Tuliuvuka mto bila kupenda. Mgunga wa upande wa pili ndio uliotusimamisha. Kalekye alishuka, akaokota vitunguu vyote, kisha akatembea kwa miguu mpaka senta. Mimi nikamfuata na gari, taratibu, nikiomba msamaha kupitia dirishani. Hakugeuka.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeshinda na fundi Njoroge kwenye yadi za vyuma vikuukuu. Njoroge ana gereji nyuma ya soko. Anaongea sana, lakini mikono yake inajua kazi, kwa hiyo namvumilia.

"Mzee, hii haitaki kurepair," alisema. "Tutoe system yote ya mbele, tuweke ya gari mdogo wake."

Maana yake: dramu za mbele zitoke, ziingie diski na kalipa za landrova ya miaka ya karibuni, yale makucha yanayobana diski pande zote mbili. Dramu za nyuma zibaki. Masta silinda ya zamani, ile pampu ya mafuta ya breki, itoke, iwekwe yenye laini mbili, ya mbele na ya nyuma, ili moja ikivuja nyingine isimamishe gari. Na busta, lile dude la duara linalochukua nguvu za injini na kuusaidia mguu. Mguu wangu nao si ule wa zamani.

Vyote tumevipata kwenye gari moja lililobiruka. Diski hazina mikwaruzo. Niliona kiti cha dereva cha gari hilo nikageuka upande mwingine. Sikutaka kujua habari zake.

Jumanne, 15 Julai

Ekseli ya mbele iko wazi. Njoroge kafunga diski na kalipa upande wa kulia, akarudisha gurudumu. Halizunguki. Rimu zetu za zamani zinagusana na kalipa. Tulikaa chini tukaitazama hiyo rimu kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Zinatakiwa rimu za lile gari tulilotolea diski. Njoroge amezitaja leo tu. Hakuzitaja Jumamosi.

Nilimfokea. Akanyamaza, na Njoroge akinyamaza ujue umemuumiza. Nikamletea chai.

Kalekye amekunywa uji vijiko vichache. Ananiuliza kila nikiingia ndani, imefika wapi. Namwambia inaendelea. Anataka kujua hasa. Nimemweleza habari za rimu mpaka akalala.

Alhamisi, 17 Julai

Rimu zimepatikana. Gurudumu linazunguka. Busta imekaa mahali pake baada ya kukata bati kidogo na kulikunja. Paipu mpya zimepindwa vizuri, hazigusi chasi. Imebaki kumimina mafuta ya breki na kutoa hewa iliyonaswa kwenye paipu.

Nimekwenda ndani kumwambia. Alikuwa na maumivu, hakunisikia.

Jumamosi, 19 Julai

Njoroge ana harusi ya ndugu. Nimeamua kutoa hewa mwenyewe. Kazi ya watu wawili, mmoja kwenye pedali, mwingine chini ya gari na spana. Miaka yote aliyekaa kwenye pedali ni Kalekye. Hajui kuendesha gari hata kidogo, lakini mguu wake unajua kusubiri. Leo nimemkalisha Syombua. Anakanyaga kama anaua nyoka.

Mchana akaja Lemayian, jirani yetu. Tunajuana tangu siku za kuchanja ng'ombe. Alisikia Kalekye amerudi kutoka hospitali, akachinja kondoo mnene na kuyeyusha mafuta yake, dawa ya wagonjwa kwa Wamaasai. Aliyaleta yakiwa moto ndani ya chupa ya soda, ameizungushia sweta. "Akunywe kama iko na joto," alisema. "Itatoa mbaya yote ndani."

Alisimama dirishani akamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya." Kalekye akaitikia, "Iko." Sauti ndogo sana. Lemayian akachukua sweta yake, akaenda.

Jioni mapema tumemaliza magurudumu yote. Pedali ilikuwa sawa, ngumu kiasi. Nimefurahi, sina la kuficha. Jumatatu tutaondoka.

Jumapili, 20 Julai

Mungu anisamehe, sijui nicheke au nilie.

Asubuhi nimekanyaga pedali, imegoma kabisa. Ngumu kama ukuta. Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki. Ndani kumeganda kitu cheupe. Nimekigusa kwa kidole, nimenusa. Kondoo.

Mafuta ya breki nilinunua ya kupimiwa dukani, yakatiwa kwenye chupa ya soda. Jana Lemayian aliiweka chupa yake juu ya boneti kando ya yangu. Syombua akaja kuchukua dawa, akachukua moja. Mimi nikachukua iliyobaki. Ilikuwa na joto. Nikadhani ni jua.

Ndipo ikanijia ile aliyochukua Syombua. Nilikimbia, na mimi siku hizi sikimbii. Nilimkuta Kalekye ameegemea mto, kikombe kiko kando ya kitanda, kimejaa.

"Ulikunywa?"

"Nikunywe hiyo? Inanuka kama shati yako ukitoka chini ya gari."

Alikuwa ameikataa tangu jana. Syombua alidhani ni ukaidi wa mgonjwa, akaamua kumbembeleza leo tena. Kama pua ya mke wangu ingekuwa imechoka kama mwili wake... Sitaki kufika mwisho wa wazo hilo.

Nilipomweleza kilichoingia kwenye breki, Kalekye alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Syombua akaja kumshika. Sikumbuki mara ya mwisho alipocheka. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya gari nikalia kama mtoto.

Jumatatu, 21 Julai

Njoroge ametazama kikopo, akanitazama, akakitazama tena. Hakusema kitu. Hilo ni jambo la kuandikwa.

Kila kitu kimefunguliwa upya. Mafuta yameganda kwenye paipu zote. Mabaya zaidi, raba zote zimevimba, za masta silinda, za kalipa na za nyuma. Mafuta ya mnyama na raba za breki hayaishi nyumba moja. Raba za nyuma zipo hapa. Za masta silinda na za kalipa zinatafutwa Nairobi.

Lemayian amesikia. Alikuja akakaa juu ya jiwe karibu na gurudumu, fimbo magotini. Nilimwambia kosa ni langu. Akasema hapana, yeye ndiye aliyeweka chupa. Tuligombania kosa hilo kama watu wanaogombania kulipa chai. Mwishowe akasema kondoo bado wako wengi, ataleta mengine. Nikamwambia alete kwa sufuria.

Ijumaa, 25 Julai

Raba hazijafika.

Siku mbaya. Kalekye amelia kwa maumivu, na yeye si mtu wa kulia. Miguu imevimba. Alipotulia aliniita kwa jina la kaka yake marehemu.

Mumo, binti yetu, amepiga simu kutoka Mombasa. Anataka tukodishe gari zuri, lenye viti laini, mama apelekwe kesho. Ana haki. Nimekwenda kumwambia Kalekye. Nikamwambia tusahau landrova, breki ni breki, gari la kukodisha lina zake.

"Nitaenda na yetu, ama nitakaa," alisema.

Nimemkasirikia. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mgonjwa. Nimekasirika sana. Anataka kufika amekaa, na kila siku inayopita anakaa muda mfupi kuliko jana. Anafia gari. Anataka nini na chuma kile? Nikishindwa, nitambeba kwa sanduku, na maisha yangu yote nitakumbuka kwamba palikuwa na gari la viti laini na hatukulipanda.

Jumatatu, 28 Julai

Raba zimekuja. Njoroge amesukuma spiriti kwenye kila paipu mpaka ikatoka safi. Alinusa kila tone. Sasa ananusa kila kitu, hata chai niliyompa.

Jumanne, 29 Julai

Kalekye amesikia tunatoa hewa leo. Akasema pedali ni yake.

Tulikataa wote watatu. Akashusha miguu kitandani mwenyewe, ndipo tukaacha ubishi. Nilimbeba. Sitaandika uzito wake. Syombua alimzungushia blanketi, tukavuta kiti mbele kabisa, akashika usukani kwa mikono miwili.

Nikaingia chini. Nikaita kama tulivyozoea. Kanyaga. Shikilia. Achilia. Nilikuwa najua mguu wake kupitia mafuta yanavyotoka kwenye skrubu. Zamani yalitoka kwa mpigo mmoja. Leo yalitoka polepole, lakini hayakukatika. Akichoka alikuwa anagonga mlango kwa kidole, nasi tunasubiri. Njoroge alikuwa anajaza kikopo. Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa la mwisho. Mapovu yakaisha.

Halafu Njoroge akamwambia, "Mama, kanyaga ushikilie, nawasha injini." Injini ikawaka na pedali ikazama kidogo chini ya mguu wake. Akapiga kelele, "Imeenda! Baba Mumo, imeenda!"

Nilitoka chini nikimwambia haijaenda popote. Hiyo ndiyo busta imeamka. Ndivyo inavyotakiwa. Akakanyaga tena, na tena. Mguu wake uliovimba, usioweza hata kusukuma mlango, ulikuwa unaibana landrova nzima. "Ni laini," alisema. "Hata mimi naisimamisha."

Ijumaa, 1 Agosti. Mashuuru

Amefika. Amefika amekaa.

Tuliondoka baada ya jua kupanda, Kajiado tukanywa chai ndani ya gari, kisha barabara ya vumbi. Alikuwa katikati yetu, Syombua amemshika. Kwenye matuta aliuma blanketi. Hakusema turudi.

Juu ya mteremko wa mtoni nilisimama kwanza. Nikamtazama. Akaitikia kwa kichwa, twende. Nikaweka gia ndogo, mguu juu ya breki, tukashuka kama watu wanaoshuka ngazi. Gari halikuvuta kushoto. Katikati nililisimamisha kabisa, nimwonyeshe. Lilisimama. Akasema, "Mm." Hiyo tu. Nilitarajia zaidi, kusema kweli.

Sasa amekaa nje kwenye kiti cha kamba, mbele ya banda la vitunguu. Amevishika vitunguu vya mbegu, anavichambua.

Jumatano, 6 Agosti

Leo asubuhi ameniagiza jambo. Kutoka pale kwenye kiti unaona njia ya shambani inavyoshuka mpaka mtoni. Amesema niichukue landrova, nishuke mpaka chini, nirudi. Syombua akataka kupanda naye apungwe na upepo. Kalekye akamkataza.

"Aende peke yake."

Nilidhani anacheza. Nikashuka, nikapanda, nikarudi. Akasema niende tena, na safari hii nisibembeleze gari, niende kama mtu mwenye mawazo mengi, halafu nibane breki karibu na mawe. Nikafanya. Vumbi likapanda mpaka kwenye miche ya nyanya. Lilisimama palepale, limenyooka.

Nilipofika kwake alikuwa ameshika mapaja yake kwa mikono, ameinama mbele, bado anatazama mtoni.

"Kukuja hapa sikuwa na wasiwasi," alisema. "Hata na punda ungenifikisha. Mimi naogopa ukirudi. Utakuwa peke yako na akili haitakuwa barabarani."

Nilikaa chini, mchangani, karibu na miguu yake. Wiki nzima ile niliyomkasirikia, alikuwa ananitengenezea mimi gari. Aliweka mkono juu ya kichwa changu, akaanza kuniambia vitunguu vya upande wa mto vimekosa maji.

Jumapili, 10 Agosti

Kalekye amekufa leo asubuhi. Chai yake ilikuwa bado inatoa moshi.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumemzika upande wa juu wa shamba, mahali ambapo mto ukifurika haufiki. Mumo alilia kwa sauti. Mimi sikuweza, na watu wananitazama wakisubiri.

Njoroge alikuja na mafundi wenzake, wamevaa mashati safi, kucha bado nyeusi. Lemayian alikuja pia. Wamaasai hawatamki tena jina la aliyekufa, kwa hiyo alisema tu, "Yule mama." Alisimama nami mbali kidogo na watu wengine. Yeye ndiye pekee leo ambaye hakuniambia nijikaze.

Naona njaa. Nimekula chapati kaburini watu wakiimba. Sioni haya.

Alhamisi, 21 Agosti

Mumo amerudi kazini Mombasa. Anataka niishi naye. Nimesema nitafikiri, na sitafikiri.

Sijawasha gari tangu mazishi. Kuku wamelala kwenye boneti.

Jumatatu, 25 Agosti. Kitengela

Nimerudi. Syombua amebaki kule mpaka vitunguu vitolewe. Alinifungia maziwa na viazi vitamu, akafunga mlango wa landrova kwa nguvu kama kawaida yake, akaingia ndani kabla sijaondoka.

Nilikuwa na mawazo. Sikuona njia ya shambani ilivyoisha wala mteremko ulivyoanza. Nilishtuka mawe ya mtoni yakiwa mbele, gari linakimbia, gia kubwa. Mguu ukakanyaga wenyewe. Landrova ikasimama. Haikuvuta kushoto, haikuteleza. Viazi tu ndivyo vilivyoanguka kitini.

Nikakaa hapohapo katikati ya njia, injini inanguruma, mguu bado chini. Sijui ni muda gani.

Mwanamke mmoja alipanda kutoka mtoni na punda wake wa maji. Akapita kando, akarudi dirishani.

"Mzee, gari imeharibika?"

"Hapana, mama. Iko sawa."

Akanitazama usoni kidogo, akamchapa punda, akaenda zake. Nikaokota viazi nikavirudisha kitini. Nikauvuka mto, nikaja nyumbani taratibu.